Kitambaa cha karata: satini au pamba?

SWALI: Jioni tunacheza karata wanne barazani, hapa Lipangalala. Fundi cherehani ananishauri nitandike satini nyekundu mezani. Inafaa?

JIBU: Haifai, ndugu yangu. Satini inateleza, upepo kidogo tu, shupaza yako iko miguuni kwa jirani. Chukua pamba. Khanga ni nyepesi, na maandishi yake huvuta macho. Drili ya kijani kilichokolea ni nzuri, lakini mimi ningetafuta kwanza kitambaa kizito cha pamba kilichofumwa kwa mkono na kina mama wa hapo hapo Ifakara: uso wake mkavu hushika karata. Mita moja kwa mita moja inawatosha. Kabla ya kushona, lowesha pembe uisugue kwa kitambaa cheupe. Ikitoa rangi, kitambaa cha mezani kifue kwanza peke yake.

Urembo? Darizi kopa, uru, shupaza na pau, moja kila pembe, katikati paachwe patupu. Shanga usitie kabisa. Karata ikikandamizwa juu ya shanga hubaki na alama, na karata yenye alama mgongoni hutambulika kabla haijafunuliwa. Mwambie fundi satini hiyo abaki nayo, atashonea foronya.