Bundi wa Issuna na Picha Iliyotikisika

Wenzangu mnaokwenda fildi, kama una kamera begini somo hili ni lako. Mimi nilifundishwa Issuna, Singida, na bundi mmoja aliyekaa kwenye mbuyu jirani na shule niliyopangiwa.

Wanafunzi wangu walikuwa wakimrushia mawe. Kwao bundi ni uchuro. Nilipowaambia kwamba anakula panya wanaomaliza mtama na alizeti za wazazi wao, wakacheka tu. Nikasema basi, nitampiga picha wamtazame usoni. Shida ni kwamba alijitokeza jioni, na huku kwetu karibu na ikweta jua likishazama giza halichelewi. Stendi ya kamera sina.

Jioni ya kwanza nilivuta lenzi mpaka mwisho, milimita 300, nikapiga picha kama thelathini. Zote ukungu mtupu! Nikalaumu kamera, na yenyewe ya kuazima. Kumbe kosa ni langu. Niliweka ISO 400 kwa kuogopa chenga, shata ikashuka hadi 1/60 ya sekunde. Lenzi inayomvuta ndege karibu inavuta na mtikisiko wa mkono wako.

Kanuni ni hii: unaposhika kamera mkononi, shata isiwe chini ya moja juu ya urefu wa lenzi. Kamera nyingi za wanafunzi zina kihisio kidogo, kwa hiyo zidisha kwanza kwa 1.5. Yaani 300 × 1.5 = 450; tumia 1/500. Kutoka 1/60 hadi 1/500 mwanga unapungua nusu mara tatu, basi ISO nayo unaiongeza maradufu mara tatu: 800, 1600, 3200. Tundu la lenzi liache wazi kabisa. Langu kwa milimita 300 ni f/5.6.

Kama lenzi ina kidhibiti mtikisiko, iwashe, unaweza kushuka hata 1/125. Ila kinatuliza mkono wako, hakimtulizi ndege. Akigeuza kichwa, ukungu unarudi palepale.

Mwili nao ufanye kazi. Mkono wa kushoto chini ya lenzi, viwiko mbavuni, bega kwenye mti. Toa pumzi kidogo, bonyeza taratibu, piga tatu nne mfululizo. Ya kwanza mara nyingi huharibiwa na kidole. Flashi usiwashe, utamshtua.

Jioni ya pili nilifuata hayo. Chenga zilikuwepo, tena nyingi, lakini macho yalitoka safi. Chenga unaweza kuzipunguza baadaye kwenye kompyuta; picha iliyotikisika ndiyo imeshakwenda.

Kesho yake nikaionyesha darasani. Kijana aliyekuwa kinara wa mawe aliitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, kwa macho hayo panya anamwona hata gizani?"

Nikachukua chaki. Kipindi kilianzia hapo.