Trrrr! Nati Imetoka: Vidokezo 7 kwa Mwenye Impakti ya Betri

Umeinunua? Hongera! Unabonyeza kitufe, inalia trrrr, na nati iliyokuwa ikikutoa jasho inakudondokea kiganjani. Kiuno kimepumzika. Ila ujue humo ndani mna nyundo, na nyingi za mashine hizi hugonga zaidi ya mara 2,000 kwa dakika moja. Afadhali mzoeane mapema.

1. Soketi nyeusi, siyo zile za kung'aa

Soketi zinazometameta kama vijiko vya harusini ni za spana ya mkono. Zikigongwa na impakti zinaweza kupasuka, na kipande cha chuma kikiruka hakichagui pa kutua. Za impakti ni nyeusi, nene, hazina urembo. Anza na namba 17, 19 na 21 za tundu la nusu inchi. Gari ndogo nyingi za mtaani umezimaliza. Vaa miwani ya kazi na viziba masikio hata kama ni nati moja tu. Hasa kama ni nati moja tu, maana hapo ndipo tunapojisahau.

2. Jeki inainua, haishikilii

Weka stendi chini ya gari na kigingi kwenye tairi la upande wa pili. Dakika mbili tu, halafu endelea na raha zako.

3. Nati ianze kwa vidole

Nati ikikaa upande, mkono unasikia inakataa. Impakti haisikii kitu. Inasukuma tu mpaka uzi wa bolti unakwisha. Kwa hiyo izungushe kwa vidole mizunguko mitatu au minne kabla ya kuleta mashine. Inagoma? Itoe, sugua uzi kwa brashi ya waya, anza upya. Ni rahisi kuliko kwenda kutafuta bolti nyingine.

4. Kufungua ni kazi yake, kukaza ni kazi yako

Hapa naomba tukae kidogo. Siku moja nilipata pancha karibu na Chalinze, jua la saa saba. Wiki moja kabla, kijana mmoja wa tairi alikuwa amenifungia nati kwa mashine, trrrr ndefu, nikamsifu kwa bidii. Pale barabarani nilikanyaga wili spana, nikaruka juu yake, nikamwita dereva wa lori naye akaruka. Nati tatu zilitoka. Ya nne ilikatika pamoja na bolti yake.

Sababu ni hii. Gari nyingi ndogo za Toyota zinataka nati ikazwe kwa nyutoni-mita 103. Impakti ya nusu inchi mara nyingi hupita 300 bila hata kupumua. Ukiiachia, bolti inavutika, na diski ya breki inaweza kupinda kiasi kwamba usukani unacheza kila ukishika breki.

Basi fanya hivi: weka spidi ya chini, fuata mpangilio wa nyota (nati moja, kisha iliyo mkabala nayo), na ukisikia tu imeanza kugonga, achia kitufe. Shusha gari, malizia kwa spana ya torki. Huna? Tumia wili spana iliyokuja na gari, kwa nguvu za mkono tu, bila kupanda juu yake, halafu ukifika mjini pitia kwa mwenye spana ya torki. Usipake oili kwenye uzi, maana vipimo hivi ni vya uzi mkavu, na oili hufanya nati ijikaze kupita kiasi. Ukishatembea kilomita 80 hadi 100, zijaribu tena zote.

5. Imegoma? Usibishane nayo

Sekunde kumi zimepita na nati haijatikisika? Achia. Pulizia oili ya kulegeza kutu, kanywe chai, rudi. Na kama ni lori, chungulia kwanza: malori mengi ya Kijapani ya zamani yana uzi wa kinyume kwenye magurudumu ya kushoto, na mara nyingi mwishoni mwa bolti pamegongwa herufi L. Utakuwa unakaza huku ukiapa kwamba unafungua!

6. Betri imetoka mbio, iache iheme

Ukimaliza magurudumu manne betri inaweza kuwa ya moto. Usiikimbize kwenye chaja. Iache kivulini mpaka ipoe. Usiilaze ndani ya gari lililoegeshwa juani pia. Kama hutaitumia kwa miezi kadhaa, ihifadhi ikiwa na chaji karibu nusu, wala si tupu kabisa. Na muuzaji akikutambia kwamba ya volti 20 ina nguvu kuliko ya 18, tabasamu tu: kwa kawaida ni seli tano zilezile, 20 ni kipimo cha chaji ikijaa, 18 ni cha kazi ya kawaida.

7. Betri nje, kisha mikono ndani

Kubadilisha soketi, kusafisha, kuipakia kwenye buti: chomoa betri kwanza, kitufe kisije kikabonyezwa kwa bahati mbaya huku vidole vyako vikiwa kwenye soketi. Vumbi la matundu ya hewa litoe kwa mswaki mkavu. Maji hapana, na petroli isiguse plastiki yake.

Jirani akija kuiazima (na atakuja), mpe mashine, soketi nyeusi na miwani. Chaja baki nayo wewe. Betri ikiisha atairudisha mwenyewe.