Folklifti ipi inafaa ghala la mazao? Soma kabla AMCOS yako haijalipa

Msimu wa kukusanya mazao unakaribia, na swali linalonifikia sana ni kama chama kinunue folklifti ya mtumba. Kabla hujauliza bei, kapime sakafu ya ghala lako na upana wa njia kati ya malundo.

Iliyozoeleka ni ile yenye meno mbele na chuma kizito nyuma. Chuma hicho ndicho kinachoizuia isipinduke mbele ikibeba. Ya tani 2.5 yenyewe huwa na uzito wa tani 3 na nusu hivi au zaidi, na ikibeba, karibu uzito wote unahamia matairi ya mbele. Sakafu ya udongo au zege jembamba itatitia. Pia inahitaji njia ya mita 3 na nusu hadi 4 ili igeuke, yaani nafasi ambayo ungepanga magunia.

Ipo nyembamba zaidi, inayosukuma meno yake mbele na kuyarudisha. Hiyo ni ya maghala yenye rafu ndefu na sakafu laini kama meza. Ghala la kijiji halina kazi nayo.

Halafu kuna toroli la pampu la kusukuma kwa mkono. Linainua chaga sentimita chache tu, lakini linabeba tani 2 na halili mafuta. Kwa AMCOS nyingi ningeanzia hapo, mradi sakafu iwe sawa.

Sasa injini. Ya dizeli inafaa nje, kupakia lori. Ndani ya ghala lililofungwa moshi wake una sumu ya kaboni monoksidi, inayoua bila harufu, na masizi yanachafua nafaka. Ya betri haina moshi, ila ichajiwe penye hewa, mbali na moto, maana betri ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka. Na mkifukiza nafaka kwa vidonge vya fosfini, itoeni nje kwanza. Gesi ile inakula nyaya za shaba.

Jambo linaloua ni hesabu ya mzigo. Tani 2.5 iliyoandikwa kwenye kibati kwa kawaida ni kwa mzigo ambao katikati yake iko sentimita 50 kutoka mwanzo wa meno. Magunia 20 ya kilo 100 ni tani 2, sawa. Yapange yakining'inia mbele ya chaga na uwezo unashuka. Inua juu, kata kona, inalala.

Ikianza kulala, dereva aliyefunga mkanda abaki kitini na ashikilie usukani. Anayeruka ndiye anayebanwa na paa la mashine. Wapakiaji nao wakae mbali na mkia: folklifti inakata kona kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mkia unafagia upande ambao mtu hautarajii. Kwenye mteremko na mzigo, dereva ashuke kinyumenyume.