Somo katika Ilmu ya Mantiki: Nyumba za Musoma na Nyumba za Bunda

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: ndugu zetu wengi wa pwani wakisikia neno "mantiki" hudhani kuwa ni ilmu ya kubishana, au ni mchezo wa maneno wa Wayunani usiomhusu mtu mwenye kusali na kufunga. Mwandishi wa waraka huu naye alidhani hivyo zamani, mpaka dhana hiyo ikamtia katika kumdhulumu mtoto wa watu. Basi ametaka kueleza, kwa mifano ya nchi anayokaa, mantiki ni nini, yafaa nini, na mpaka wake uko wapi.

MANTIKI NI NINI

Maulamaa wameifananisha mantiki na nahau: hii yauchunga ulimi usikosee katika kusema, na ile yaichunga akili isikosee katika kufikiri. Mantiki haikuletei habari usizokuwa nazo. Kazi yake ni kukuonyesha kama jambo hili kweli lalazimika kutokana na lile.

Tazama mfano. Musoma ni mji ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria, nao ni makao makuu ya Mkoa wa Mara. Bunda iko kusini yake, katika njia ya kwendea Mwanza. Na Butiama ndiko alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922. Zote tatu zimo katika mkoa huo mmoja. Basi sema:

Kila nyumba iliyo Butiama iko Mara.
Kila nyumba iliyo Mara iko Tanzania.
Basi kila nyumba iliyo Butiama iko Tanzania.

Hiki ndicho kiyasi kilicho sawa. Kauli mbili za kwanza huitwa mukaddima, na ya tatu huitwa natija. "Mara" ndilo neno la kati: limeunganisha pande mbili, kisha likatoka. Mwenye kuzikubali mukaddima mbili hana njia ya kuikataa natija.

Sasa sema hivi:

Kila nyumba iliyo Musoma iko Mara.
Kila nyumba iliyo Bunda iko Mara.
Basi kila nyumba iliyo Musoma iko Bunda.

Mukaddima zote mbili ni kweli, na natija ni uwongo ambao hata mtoto hawezi kuukubali. Kosa liko wapi? Neno la kati limetajwa mara mbili, walakini halikuunganisha kitu. Vitu viwili kushiriki katika sifa moja si dalili ya kuwa kimoja ndicho kingine.

KISA CHA KOPO

Msomaji huenda akasema: "Nani asiyejua kuwa Musoma si Bunda?" Jawabu: kila mtu ajua, maadamu kosa limevaa nguo za miji. Likivaa nguo nyingine halijulikani.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikisomesha katika chuo kimoja cha Musoma. Tulikuwa tukichanga pesa za mikeka na kuziweka katika kopo. Asubuhi moja kopo halikuonekana. Palikuwa na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akinisaidia kuzihesabu, nami nikasema moyoni: aliyelichukua alijua mahali pake, mtoto huyu ajua mahali pake, basi ndiye. Nikamtoa chuoni mbele ya wenziwe.

Jioni baba yake akaja, naye ni mvuvi asiyepata kufungua kitabu cha mantiki. Hakupandisha sauti. Akasema: "Mwalimu, hata wewe wapajua mahali pa kopo." Kisha akaondoka.

Baada ya siku nne mtunza msikiti akarudi kutoka safari ya Bunda, akalileta kopo. Alikuwa amelihamisha lisiibiwe, akasahau kutuambia.

Tazama alivyofanya mvuvi yule. Hakunitukana wala hakumsifu mwanawe. Alichukua kiyasi changu, akaweka jina langu mahali pa jina la mtoto, na uwongo wake ukadhihiri. Aristotle, ambaye vitabu vyetu vyamwita Aristu, aliyekufa mwaka 322 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliibatilisha mifano ya kiyasi isiyo sawa kwa njia hiyo hiyo: hubakisha sura ya maneno, akabadilisha vitu, mpaka mukaddima ziwe kweli na natija iwe uwongo.

Na lau ningalisema, "Kila ajuaye mahali pa kopo ni mwizi," sura ya kiyasi ingalikuwa sawa, walakini mukaddima yenyewe ingalikuwa uwongo, nami ningalikuwa mwizi wa kwanza. Kwa hiyo kiyasi chataka kupimwa mara mbili: sura yake, na ukweli wa mukaddima zake.

HITILAFU YA MAULAMAA

Je, yajuzu kuisoma ilmu hii? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), alikiandikia kitabu chake cha Usuli, al-Mustasfa, utangulizi wa mantiki, na akaona kuwa asiyeidhibiti ilmu hiyo hana uthabiti katika ilmu zake. Ibn Salah na Imamu Nawawi, nao ni nguzo katika madhehebu yetu ya Shafi, waliikataza. Na al-Akhdari, mwenye as-Sullam, nadhamu aliyoitunga mwaka 941 wa Hijra, alizitaja kauli hizo, akaona iliyo sahihi ni kumjuzishia mwenye akili nzuri aliyekwisha kujizoeza na Kitabu na Sunna.

Wa kutoka nje ya madhehebu yetu ni Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 wa Hijra (1328). Yeye aliuliza: hiyo kauli ya "kila" mwaijuaje, illa kwa kuviona vitu kimoja kimoja? Suali hili ni zito, wala halidharauliwi. Mimi naona laitengeneza mantiki, wala haliivunji: latukumbusha kuwa kanuni iliyo sawa haitajirishi mukaddima iliyo masikini.

MANTIKI NA HESABU

Sura ile ile yaonekana katika hesabu. Kila nambari igawanyikayo kwa 4 yagawanyika kwa 2. Sita yagawanyika kwa 2. Je, sita yagawanyika kwa 4? La. Mwaka 1854 Mwingereza George Boole alitoa kitabu alimogeuza kauli za mantiki kuwa hesabu ya herufi na nambari 1 na 0, na juu ya msingi huo zafanya kazi kompyuta na simu zilizo mikononi mwetu leo.

Walakini hesabu nayo ina mpaka. Mwaka 1931 Kurt Gödel alithibitisha kuwa kanuni zozote zinazoweza kuandikwa kwa utaratibu, zikitosha kwa hesabu ya nambari na zisipojipinga zenyewe, zitaacha kauli za kweli ambazo haziwezi kuzithibitisha. Mtu asilichukue neno hili kuwa hoja ya kila atakalo, kwani ni neno la hesabu. Latufunza adabu moja tu: kutoweza kuthibitisha jambo si sawa na jambo kuwa uwongo.

FAIDA YAKE

Katika Suratul-Hujurat tumeamrishwa kuzichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta, na tumekatazwa dhana nyingi. Mantiki ni chombo kimoja cha kuitii amri hiyo. Mimi nilimtuhumu mtoto mbele ya wenziwe, basi nikamwomba radhi mbele ya wenziwe na mbele ya baba yake, kwani haki ya binadamu haifutiki mpaka mwenyewe asamehe. Walinisamehe. Lakini mtoto hakurudi kusoma kwangu.

MASUALI YA KUJIPIMA

1. "Kila mnafiki huchelewa jamaa. Fulani huchelewa jamaa. Basi fulani ni mnafiki." Weka mahali pa fulani mgonjwa au mlinzi wa usiku, kisha jibu.

2. "Kila kilicho kipya ni bidaa iliyokatazwa. Kipaza sauti ni kipya. Basi kimekatazwa." Je, kosa liko katika sura au katika mukaddima?

3. Itafute hukumu moja uliyompa jirani yako mwaka huu. Iandike kwa mistari mitatu, kisha liweke jina lako mahali pa jina lake.

Wabillahi taufiki.