Ndege Apitaye Usiku

Umewahi kuangalia filamu ya kutisha, halafu ukaogopa kwenda chooni peke yako? Mwaka 2005 Mussa Banzi aliwatisha wengi kwa Shumileta, filamu ya jini mwanamke. Lakini filamu ina mwisho, mnarudi nyumbani mkicheka. Hapa Idete, na bonde zima la Kilombero, tunayo hadithi ya kutisha isiyo ya kwenye video, na anayeumia ndani yake ni mama.

Unaijua. Ndege anaruka usiku juu ya nyumba, kivuli chake kinamwangukia mtoto, naye anapata degedege: anakakamaa, anatetemeka, macho yanageuka juu, povu linamtoka. Bibi anasema, "Asipelekwe hospitali, akichomwa sindano atakufa." Basi kinatafutwa kinyesi cha tembo, kinachomwa, mtoto anafukizwa.

Usimcheke bibi. Ameona watoto wakifikishwa kituo cha afya wakiwa hoi, wakachomwa sindano, wakafa. Wewe ungeona hivyo mara tatu, usingeiogopa sindano? Kumbe aliyeua ni malaria iliyokwisha kupanda kichwani. Idete wanaijua malaria hiyo: mwaka 1993 watoto 586 wa hapa waliingia kwenye jaribio la chanjo ya SPf66. Na ukiwa kibanda cha shambani wakati wa masika, mto umejaa, saa zinapotea hata bila kupitia kwa mganga.

Sasa mtoto akifa, maneno yanaanza. "Alitoka naye usiku." "Alichelewa." Mtafiti Vinay Kamat aliwasikiliza akina mama wa Kizaramo waliofiwa hivyo, akaandika habari zao mwaka 2008. Baadhi yao walikuwa wamewahi kutafuta matibabu mapema, mtoto akiwa na homa tu, degedege bado. Mtoto akafa hata hivyo, na lawama wakabaki nazo wao. Mimi naona hapo panatisha kuliko jini lolote.

Je, mdogo wako akishikwa usiku wa leo? Mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza. Usimtie kijiko mdomoni, usimbane kwa nguvu, usimpe chochote cha kunywa, hata dawa. Halafu twende kituo cha afya, hata kama ametulia, maana inaweza kuwa malaria kali, inaweza kuwa uti wa mgongo au homa nyingine, na bila vipimo hamtajua. Bibi akitaka kumfunga hirizi mkononi, mwacheni afunge mkiwa njiani. Haizuii sindano.

Jadilini darasani: Jirani yenu amefiwa na mtoto kwa degedege, na pale msibani watu wananong'ona habari za ndege. Wewe umekaa karibu na mama wa mtoto. Utamwambia nini?