Moyo na Mazoezi Makali: Namna ya Kupima Hatari Kabla ya Kuingia Uwanjani

Desemba 2016 Watanzania walipokea habari mbili zilizoonekana kupingana. Ya kwanza ilitoka Bukoba: Ismail Mrisho Khalfan, mchezaji wa timu ya vijana ya Mbao FC, alianguka katika uwanja wa Kaitaba muda mfupi baada ya kufunga bao, akafariki dunia. Ya pili ilikuwa wito wa Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini, ili kupunguza magonjwa yasiyoambukiza. Chanzo cha kifo cha kijana yule hatukijadili hapa. Tunajadili swali ambalo mkazi wa Ruanda, wilayani Mbozi, anaweza kujiuliza akizisoma habari hizo pamoja: mazoezi makali yanaulinda moyo, au yanauhatarisha?

Yanafanya yote mawili, ila kwa watu tofauti na kwa nyakati tofauti. Mwaka 1984 watafiti wa Seattle, Marekani, walichapisha uchunguzi kuhusu wanaume ambao mioyo yao ilisimama ghafla. Kwa mwanamume asiyezoea mazoezi, hatari wakati wa kujitutumua ilikuwa mara 56 ya hatari yake wakati mwingine. Kwa aliyezoea, ilikuwa mara 5. Lakini saa zote zilipojumlishwa, za mazoezi na za mapumziko, hatari ya aliyezoea ilikuwa asilimia 40 tu ya ile ya asiyezoea. Kwa maneno mengine, mwenye mazoea hulipa gharama ndogo katika saa ya mazoezi, kisha hupata faida katika saa nyingine zote za wiki.

Namba kama “mara 56” hutisha, na ni haki itishe. Hata hivyo, mtu akikuambia bei ya bidhaa imepanda mara kumi, utauliza kwanza ilikuwa shilingi ngapi. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2000, uliwafuatilia madaktari wanaume zaidi ya 21,000 wa Marekani kwa miaka 12, ukakuta kifo kimoja cha ghafla kwa kila vipindi milioni 1.5 vya mazoezi makali. Afanyaye mazoezi mara tatu kwa wiki angehitaji zaidi ya miaka 9,000 kuvifikisha vipindi hivyo.

Tunamwomba msomaji asiikope namba hiyo moja kwa moja. Madaktari wale waliingia katika uchunguzi wakiwa hawana ugonjwa wa moyo unaojulikana, ilhali kwetu wako watu wazima wengi ambao hawajawahi kupimwa hata shinikizo la damu.

Nani aliye hatarini zaidi kwetu?

Tumfikirie dereva wa lori mwenye umri wa miaka 48. Amekaa kwenye usukani kutoka Dar es Salaam, amesubiri siku kadhaa kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma, anavuta sigara, na sasa amealikwa kucheza dakika tisini katika bonanza la maveterani. Mkulima wa kahawa wa rika lake, apandaye mteremko na gunia kila siku ya msimu, hujitutumua kuliko yeye, lakini mwili wake umezoea. Dereva ndiye yule wa mara 56. Kwa sababu hiyo tunaiona Jumamosi moja ya mwezi kuwa mwaliko mzuri, ila haitoshi kuwa ratiba. Anayeanza atembee kwa kasi nusu saa, siku tano za wiki, kwa majuma kadhaa, ndipo aongeze mbio kidogo kidogo. Shinikizo likifika 180 kwa 110, mazoezi makali yasubiri mpaka tiba ilishushe. Kipimo hicho kichukuliwe baada ya kukaa dakika tano kwa utulivu, kwa mkanda unaolingana na mkono, maana mkanda mwembamba kwenye mkono mnene huzidisha namba.

Kwa vijana, tatizo aghalabu si mafuta katika mishipa, bali kasoro ya kuzaliwa, misuli ya moyo iliyonenepa, au vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanza kama maumivu ya koo utotoni. Nwankwo Kanu wa Nigeria aligundulika kuwa na kasoro ya vali mwaka 1996 alipohamia Inter Milan. Alifanyiwa upasuaji, akarudi uwanjani kwa miaka mingi. Kijana anayezirai katikati ya mbio, au aliye na ndugu wa damu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50, asirudi uwanjani kabla ya kuonwa na daktari. Mtu mzima anayebanwa kifua akipanda kilima, kisha akapata nafuu akipumzika, naye asisubiri bonanza lipite.

Dawa na mazoezi

Hapa tunasema kwa mkazo, kwa kuwa usalama wa dawa ndiyo kazi yetu. Atenolol na propranolol hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo anayezitumia asipime ukali wa mazoezi kwa mapigo. Atumie pumzi: akishindwa kusema sentensi nzima, apunguze kasi. Asiziache ghafla ili “awe mwepesi”, kwani kuziacha hivyo kwaweza kuuletea moyo madhara. Dawa za shinikizo zinazoongeza mkojo, zikikutana na jasho jingi, hupunguza maji na madini mwilini. Vidonge vya mafua vyenye pseudoephedrine huweza kupandisha shinikizo. Mwenye kutumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua asimeze kabisa dawa za nguvu za kiume zenye sildenafil. Shinikizo laweza kushuka kiasi cha kuua. Na mwenye homa, iwe ya malaria au ya virusi, apumzike: baadhi ya virusi huvimbisha misuli ya moyo, na juhudi huongeza hatari.

Mtu akianguka

Katika mbio ndefu za Marekani, kati ya 2000 na 2010, mioyo 59 ilisimama miongoni mwa wakimbiaji milioni 10.9, watu 42 walikufa. Kati ya 2010 na 2023, katika wakimbiaji zaidi ya milioni 29, ilisimama 176, na waliokufa walikuwa takriban theluthi moja. Mioyo haikuacha kusimama. Kilichoongezeka ni huduma ya haraka: waliokuwa karibu kukandamiza kifua, na mashine za kushtua moyo kuwa jirani.

Bila huduma hiyo, kila dakika hupunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10, na gari la kwenda hospitali ya Vwawa haliwezi kushindana na hesabu hiyo. Aliyeanguka bila kugusana na mtu, haitiki, na hapumui au anakoroma kwa vipindi, achukuliwe kuwa moyo wake umesimama. Asimwagiwe maji. Mmoja atafute gari na kupiga simu. Mwingine apige magoti, aweke viganja viwili katikati ya kifua, akandamize kwa kina cha sentimita tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akikiacha kifua kirudi juu kila mara. Baada ya dakika mbili apokewe na mwenzake, kwa sababu mikono iliyochoka hukandamiza juujuu.