Dondoo muhimu: Magurudumu ya kaboni kwa njia za Olkaria
Hell's Gate, mbuga ya Kenya ambamo baadhi ya visima vya mvuke vya Olkaria vimo, humruhusu mgeni kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Njia ni za vumbi na kokoto, na eneo hili lina obsidiani, kioo cha volkeno chenye makali ya kuchana tairi.

Anayeagiza magurudumu nafuu ya kaboni kutoka Xiamen, China, kwa ajili ya njia hizi aanze na breki. Zile za kubana rimu huipasha kaboni joto, na kwenye mteremko mrefu kama wa barabara ya Mai Mahiu gundi inayoshika nyuzi inaweza kulainika, rimu ikapinda au kupasuka. Uhai ni ghali kuliko gurudumu: achague za diski.

Rimu isiyo na kingo za kunasa tairi isijazwe upepo kupita PSI 72.5, na tairi yake iwe ya aina inayokubaliana nayo.

Bei ya mtandaoni si bei ya kufikishiwa Naivasha, mji ulio karibu na mbuga. Kuna usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya 16%. Spoki za akiba ziagizwe pamoja na magurudumu, maana fundi wa mjini huenda asiwe na za urefu unaofaa. Kifurushi kikifika, kifunguliwe huku simu ikirekodi video, ili madai ya fidia yawe na ushahidi.